Wale Waliomwongezea Avelina

Avelina Kapinga wa kijiji chetu cha Mapera hakuwa mtu wa kubabaika. Mpe mteremko mkali kiasi gani, angekuchimbia ngolo zake, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo, mpaka maji ya mvua yakose pa kukimbilia. Kesi za majirani alizisikiliza mara moja tu na kujua nani anadanganya. Ndiyo maana tulishangaa kumwona mtu kama yeye akihangaishwa miaka mingi na jambo ambalo lilikuwa la heri tupu.

Lilianza mwaka 1996. Wakati huo mambo mengi yalikuwa yamegeuka. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, na kahawa yetu ikanunuliwa na watu binafsi waliokuja na magari yao na mizani yao, leo bei hii, kesho ile. Shuleni nako, ambako zamani mtoto alikwenda na daftari lake tu, sasa kulikuwa na ada ya hiki na mchango wa kile. Winnie, binti mkubwa wa Avelina, alikuwa darasa la sita, na mwalimu wake alishatamka kwamba huyu sekondari anaingia. Mama mtu alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuhesabu ada.

Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, akasimama mbele yetu kijana aliyeitwa Kilian. Alikuwa amefungua ofisi ya mradi mjini Mbinga. Akatueleza kwamba mzazi mwenye kipato kidogo ataweka akiba kila mwezi, chochote alichonacho, na hataitoa. Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari, mradi utaongeza kiasi kilekile alichoweka mzazi, shilingi kwa shilingi, na fedha yote itapelekwa shuleni.

Mzee mmoja akauliza, "Riba yake je?"

"Hakuna riba, mzee. Huu si mkopo."

"Basi ninyi mnachukua nini?"

"Hatuchukui kitu."

Hapo wengine wakaanza kuondoka.

Nyumbani, Pankras, mume wa Avelina, alisema maneno machache kama kawaida yake. "Mtu anayekupa bila kutaka kitu, ujue hajasema bado anachotaka."

Avelina aliona mumewe amesema kweli. Hata hivyo, wiki iliyofuata aliuza debe la maharage, akashuka Mbinga kwa miguu, akaandikishwa. Hakuweza kutueleza kwa nini. Alisema tu kwamba miguu ilitangulia.

Kila mwezi alikwenda, na kila mwezi aliuliza.

"Mwanangu Kilian, hao wanaoongeza ni nani?"

"Wafadhili, mama."

"Wako wapi?"

"Nje."

"Nje ya wapi?"

"Ng'ambo, mama. Mbali."

"Wananijua?"

"Hapana."

"Sasa watajuaje wanamwongezea nani?"

Kilian alicheka kwa adabu, akamrudishia kitabu chake cha akiba. Avelina akapanda mlima kurudi Mapera, swali lake likiwa zito kuliko lilivyoshuka.

Winnie alifaulu kweli. Kabla ya shule kufunguliwa Januari, Kilian alifungua kitabu na kumwonyesha Avelina. Elfu kumi na nane zake zilikuwa elfu thelathini na sita.

"Hii ya pili ni ya nani?"

"Ni ya Winnie, mama. Hongera."

Avelina alikirudisha kile kitabu mezani taratibu, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake njiani.

Lazima nieleze hapa. Kwetu Umatengoni tuna ngokela. Unapika chakula na pombe, majirani wanakuja na majembe, shamba lako linalimwa asubuhi moja. Siku yao ikifika, nawe unakwenda. Asiyekwenda anajulikana, na mwaka unaofuata analima peke yake. Avelina hakuwahi kukosa ngokela ya mtu, hata alipokuwa na mimba ya miezi minane. Basi jioni ile alimwambia Pankras, "Nimelimiwa shamba na watu nisiowajua. Sasa nitakwenda kwa nani?"

Wiki moja baadaye Avelina aliingia ofisini Mbinga, jembe begani.

"Shikamoo, mama," Kilian akasema, akilitazama jembe.

"Marahaba. Nimekuja kulima."

"Kulima nini?"

"Shamba la wafadhili."

"Hawana shamba hapa, mama."

"Basi lako."

"Mimi nimepanga chumba tu. Sina shamba."

Avelina alitafakari kidogo, akazunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na uwanja wenye magugu. Alilima mpaka jua likawa utosini, akamaliza magugu yote, na pamoja nayo akang'oa maua ambayo mwenye nyumba alikuwa ameyapanda kando ya ukuta. Mwenye nyumba alikuja akifoka. Kilian alijaribu kumweleza, akashindwa, maana hata yeye hakuwa na hakika ameona nini. Avelina aliomba radhi, akafuta jembe kwa majani, akaondoka. Lakini hakupata nafuu. Njiani aligundua kwamba mwenye nyumba ndiye aliyelimiwa, na mwenye nyumba hakuwahi kumwongezea hata senti.

Karibu miaka mitatu iliyofuata iliendelea vivyo hivyo. Aliweka, akaongezewa, akauliza, akajibiwa "wafadhili".

Halafu, mwishoni mwa mwaka 2000, ikaja barua ya mradi. Pankras aliisoma kwa sauti. "Tunafurahi kukujulisha kuwa familia yako imehitimu."

"Imehitimu?"

"Ndivyo walivyoandika."

Avelina alichinja kuku, akamkaanga, akamfunga kwa safari. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda lori mpaka shuleni kwa Winnie kumchukua binti yake aliyehitimu, pamoja na godoro na sanduku lake. Winnie aliitwa kutoka darasani.

"Mama! Kuna msiba?"

"Msiba gani? Nimekufuata. Si umemaliza?"

"Mama, mimi niko kidato cha tatu. Nimebakiza mwaka mzima."

"Sasa nani amehitimu?"

Winnie aliisoma barua, akairudia. "Nadhani ni wewe, mama."

"Mimi? Darasa gani?"

Winnie hakujua. Walikaa kwenye ngazi za bweni, wakamla kuku yule wakitazamana.

Mjini Mbinga ofisi ilikuwa duka la magodoro. Muuzaji alimwambia mradi umeisha muda wake, waliohusika wameshahama, na kila mzazi achukue akiba yake parokiani. Aliikuta yote, haikupungua hata shilingi. Ila sasa ilikuwa yake peke yake, nusu ya ada ya kidato cha nne. Aliishika pale mlangoni kwa muda mrefu. Alishazoea kuona fedha yake ina mwenzake.

Nusu iliyobaki aliileta Pankras. Aliuza kahawa ya msimu uliofuata ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi aliyepita na gari. Aliiweka fedha juu ya meza, akaenda kukata kuni.

Winnie alimaliza, akasomea uuguzi, akapangiwa kituo cha afya kule ziwani. Mama yake alipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, walikuwa wakianika usipa uani. Winnie, ambaye sasa alizielewa habari za miradi, alitenga mafungu mawili ya wale samaki wadogo juu ya mkeka.

"Angalia, mama. Hili ni lako, uliloweka. Wao walipoona umeweka, wakaleta jingine sawasawa na lako. Walitaka uzoee kuweka, ili siku wakiondoka uendelee mwenyewe. Ndiyo maana waliandika umehitimu."

Avelina aliyatazama mafungu yale.

"Mafungu nimeyaelewa," akasema. "Lakini waliniacha bila kuja kula kwangu hata siku moja. Mtu gani anafanya hivyo?"

Upepo wa ziwani ulianza kupeperusha ncha ya mkeka, na wote wawili wakainuka kutafuta mawe ya kuukandamiza.