Nyasi za Kamuli Juu ya Hazina ya Ndama

Siku niliyoanza kazi katika hazina ya wenyeji pale kijijini Ndama mvua ilinyesha, na kitu cha kwanza nilichokabidhiwa hakikuwa kalamu, kilikuwa jani la mgomba. Karani Mkuu, Mlutheri wa kutoka Bukoba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinionyesha mahali paa la nyasi lilipokuwa likidondosha maji juu ya meza.

"Shika hapa," akasema. "Usitikisike mpaka niseme."

Nikalishika jani juu ya kichwa chake. Yeye akaendelea kuandika chini yake kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

"Umesoma wapi?"

"Kwa katekista, bwana, kwetu Kamuli. Kusoma na kuandika. Hesabu nilijifunza mwenyewe nilipokuwa nabeba magunia Omurushaka."

"Mwenyewe? Na nani alikuwa anakusahihisha?"

"Hakuna, bwana."

"Ndiyo maana unatetemeka."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo imenifuata maisha yangu yote. Aliyefundishwa na mwalimu anajua mahali elimu yake inapoishia. Mimi sikujua, kwa hiyo niliogopa kila mahali. Nilikuwa nikifunga sanduku la stakabadhi jioni, nikifika njiani narudi kutazama kama limefungwa, na nikifika nyumbani nakaa nikijiuliza kama nililitazama vizuri. Hata kurasa hizi nimeziandika upya mara nyingi kuliko inavyostahili.

Ninyi vijana mnaofanya kazi za halmashauri huenda hamjui hazina ya wenyeji ilikuwa nini. Ilikuwa mfuko wa utawala wa chifu. Kodi ikikusanywa, sehemu yake ilikwenda kwa serikali kuu na sehemu ilibaki katika mfuko huo, na humo ndimo zilimotoka gharama zote za hapa kwetu: mishahara ya makarani na matarishi, posho za wakungu, yaani viongozi wa vijiji, ukarabati wa barabara na zahanati. Kodi yenyewe ilikuwa ya nyumba. Mwenye nyumba alilipia nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba alilipa kodi ya kichwa. Aliyelipa alipewa stakabadhi, naye aliikunja akaichomeka ndani ya kibuyu kidogo na kukining'iniza juu ya jiko ili mchwa wasiifikie. Asiyekuwa na fedha alifanya kazi ya barabara mpaka deni likaisha.

Baada ya kunizoea, Karani Mkuu alinituma kwenye safari za kuhesabu nyumba. Nilitembea na mkungu wa kila kijiji kutoka boma hadi boma katikati ya migomba. Kazi hiyo ilinitesa. Nyumba ni nini? Banda lenye moto wa kukaushia kahawa ni nyumba? Wenye wake wawili walikuwa wakibomoa nyumba moja siku chache kabla hatujafika na kuwaweka wake wote pamoja. Mmoja aliniambia, akimwonyesha mke mdogo, "Huyu ni dada yangu, amekuja kutusaidia kuvuna."

Mke mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Dada yako? Leo usiku usije kugonga kwa dada yako!"

Mkungu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilibaki nimesimama nikifikiri kwamba nikiiandika ile nyumba iliyobomolewa nitamwonea, na nisipoiandika nitawaonea majirani zake.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Watu wale wale waliouza gunia na kulipa kodi ya nyumba mbili sasa waliuza magunia na fedha zisitoshe kulipia hata moja. Kodi iliyoingia ilipungua, na kutoka Bukoba ikaja amri ya kubana matumizi. Aliyeileta ni Bwana Shauri, jina tulilowaita maofisa wa Kiingereza waliosimamia wilaya. Huyu alikuwa mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri cha polepole, na hakupenda maneno mengi.

"Hazina itaishi kwa kile inachopata," alituambia. "Mkitaka jambo jipya, ondoeni la zamani."

Karani Mkuu alikuwa anaumwa macho wakati huo, kwa hiyo nilipewa mimi kuandaa makadirio, yaani orodha ya mapato na matumizi ya mwaka unaokuja. Nilipunguza karatasi, mafuta ya taa na posho za safari, pamoja na zangu. Hayakutosha. Yakabaki mambo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa mabati ya kuezekea jengo la baraza letu, ambalo ndilo lililokuwa na ofisi ya hazina ndani yake. La pili lilikuwa mshahara na dawa za zahanati ya Kamuli. Fedha zilitosha moja tu.

Mabati aliyataka Katikiro, msaidizi mkuu wa chifu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, lakini sitamsema vibaya, kwa sababu hoja yake haikuwa ya fahari peke yake. Kila mwaka kabla ya masika, watu wa Ndama walikata nyasi bila malipo na kuezeka baraza. Mabati yangewapumzisha. Na Kamuli kulikuwa na nini? Kulikuwa na chumba kimoja cha udongo na mganga mmoja aliyechoma sindano za ugonjwa wa buba na kufunga vidonda. Kulikuwa pia na mama yangu. Mguu wake ulikuwa na donda ambalo lilikuwa limeanza kula nyama chini ya goti, na kila wiki mganga yule alikuwa akilisafisha. Zahanati nyingine ilikuwa mwendo ambao mguu ule usingeuweza.

Hapo ndipo sikupata tena usingizi. Nikiitetea zahanati, watasema karani anatumia hazina kumtibu mama yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimemkata mama mguu ili kulinda heshima yangu. Niliandika makadirio kwa namna ambayo mistari hiyo miwili ilikuwa sawa kabisa, bila neno moja la kuegemea upande wowote, na nilijivunia jambo hilo kwa muda wa kama nusu saa. Baadaye nilielewa kwamba kuandika kwa usawa hakumponyi mtu.

Siku ya baraza wakungu wote walikuja. Kikapu cha kahawa za kutafuna kikazungushwa, kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja akachukua punje chache akatafuna. Kwetu mtu hasemi jambo zito kabla ya kutafuna. Bwana Shauri alikuwa ameizoea desturi hiyo, naye akatafuna pia.

Katikiro akasimama akaeleza habari za mabati. Alipomaliza alinigeukia. "Karani ndiye mwenye hesabu. Karani, sema, kipi kiondoke?"

Nilisimama na karatasi za makadirio mkononi.

"Waitu Katikiro," nikasema, na hilo ndilo neno letu la heshima kwa wakubwa, "hesabu zote mbili zinalingana. Ila mimi naomba sauti yangu msiihesabu. Mama yangu anatibiwa Kamuli."

Mkungu wa Kamuli, mzee mfupi mwenye ndevu za mbuzi, akatema ganda la kahawa. "Sasa tumhesabu nani? Wale wenye mama wasioumwa?"

Baraza lote likacheka, hata Bwana Shauri. Katikiro peke yake hakucheka. Mkungu wa Ndama ndiye aliyesimama baada ya kicheko hicho, na yeye alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Chekeni. Mgonjwa yuko Kamuli, lakini nyasi ziko mgongoni mwa mtu wa Ndama. Kila mwaka sisi! Tunalipa kodi kama ninyi, kisha tunalipa tena kwa mgongo. Tupeni mabati yetu."

Sikuwahi kusikia maneno sahihi zaidi kuhusu kodi, na tangu siku ile sijayasikia. Nilitamani niwe nimeyasema mimi.

Mkungu wa Kamuli akajikuna ndevu. "Ndugu yangu, unasema kweli. Basi mwaka huu nyasi ataleta mtu wa Kamuli."

"Kutoka Kamuli mpaka hapa?" Katikiro akauliza. "Kwa kichwa? Mnapita vilima vyote vile na majani kichwani kama ng'ombe waliopotea?"

"Waitu, ng'ombe huyala. Sisi tutayafikisha."

Bwana Shauri akatoa uamuzi. Atarudi kabla ya masika. Akikuta baraza limeezekwa, atatia sahihi fedha za zahanati. Akikuta halijaezekwa, atatia sahihi mabati, na mganga wa Kamuli atahamishwa. Akapanda farasi akaondoka.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu asiyefaa. Nilijumlisha safu ile ile ya tarakimu mara kwa mara na kila mara nikapata jibu tofauti. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Rwanda. Karani Mkuu, ambaye macho yake yalikuwa yamepona kiasi, alinikuta nimesimama mlangoni nikitazama njia.

"Keti, kijana. Hawatakuja haraka kwa sababu unawatazama."

"Na wasipokuja, bwana?"

"Wasipokuja utamleta mama yako kwangu. Mke wangu atamfunga kidonda." Akavuta kiti. "Sasa keti. Unazuia mwanga."

Sikuwahi kumshukuru ipasavyo kwa maneno hayo. Niliketi, lakini kiti nilikigeuza kielekee mlangoni.

Walikuja asubuhi moja yenye ukungu. Kwanza tulisikia sauti za watu wakicheka kwa uchovu, kisha tukaona nyasi zikija zenyewe barabarani, maana mizigo ilikuwa mikubwa na watu hawakuonekana chini yake. Mkungu wa Kamuli alitangulia bila mzigo, akikemea wote. Nyuma yake walikuwamo wenye vidonda. Niliwatambua kwa vitambaa vyeupe vya zahanati miguuni. Usiku wote walikuwa wamelala njiani. Mkungu wa Ndama alisimama kando na mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu, kisha akawaita wake zake wapike ndizi. Baadaye nilimwona yeye mwenyewe juu ya paa, akiwaonyesha watu wa Kamuli jinsi ya kulaza nyasi kwenye pembe ya mashariki, akiwatukana kwa furaha.

Kijana mmoja jirani yetu aliniletea mzigo mdogo uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Fundo nililijua kabla hajasema.

"Wa mama yako. Amekata mwenyewe, ameketi chini. Amesema uwekwe juu ya kichwa chako."

Mama hakuwa na maneno mengi, na niliyachukua kama yalivyokuwa. Nilimwomba mwezekaji ayalaze majani yale kwenye paa, juu ya meza yangu. Akayapekua akakunja uso. "Haya yamechanganyika na magugu ya porini. Hayafai."

"Yalaze."

Bwana Shauri aliporudi alitazama paa, akazunguka baraza, akaingia akatia sahihi. Zahanati ya Kamuli ikabaki. Masika yakaanza, na paa zima likawa kavu isipokuwa mahali pamoja, juu ya meza yangu. Mimi, niliyekuwa siwezi kuvumilia tone la wino nje ya mstari, nilikata jani la mgomba nikalifunga kwa kamba chini ya pale panapovuja, na sikumruhusu mtu yeyote kupaziba.

Mwaka uliofuata kahawa haikuwa imepanda bei, na Kamuli wakaleta nyasi tena. Safari hii mama alikuja mwenyewe. Alitembea polepole akiegemea fimbo, mguu una kovu linalong'aa kama ganda la kahawa mbivu, mzigo kichwani. Akaingia ofisini, akatazama juu, akaliona jani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani aliyelaza nyasi zangu vibaya hivi?"

Nimefanya kazi baada ya hapo miaka mingi. Nilihamishwa Kyerwa, nikakusanya ushuru wa kahawa, nikarudi kuwa Karani Mkuu chini ya maofisa ambao majina yao yamenitoka, nao wote walikuja na amri ya kubana matumizi kwa maneno tofauti. Niliandika makadirio mengi mazuri. Kila mwaka nilijifunza lile lile alilolisema mkungu wa Ndama: tunapofuta kitu kwenye orodha, mara nyingi hakiondoki, kinahamia kwenye mgongo wa mtu. Nilichojaribu kufanya, kwa hofu zangu zote, ni kuuliza mgongo wa nani kabla ya kufuta. Sikupata jibu kila mara. Mengine niliyafuta nikiwa sijui, na hayo ndiyo yananiamsha.

Nilistaafu wakati mabaraza ya zamani yalipokuwa yakigeuzwa halmashauri. Mabati yalikuwa yamefika hatimaye. Ya kwanza yaliezekwa kwenye zahanati ya Kamuli, na aliyependekeza hivyo ni mkungu wa Ndama, akiwa mzee sana. Siku yangu ya mwisho ofisini mvua ilinyesha, ikapiga bati kwa kelele hata tusisikiane. Karani kijana aliyenirithi alinitazama akashangaa.

"Mzee, mbona umeinua mkono?"

Nikautazama. Ulikuwa juu ya meza yake, kiganja wazi, ukingoja maji.

"Endelea kuandika," nikamwambia. "Nitakuambia nikichoka."