Vumbi Mgongoni

Shuleni kwetu mieleka ilikuwa na sheria moja tu: mgongo ukigusa ardhi, umekwisha. Hakukuwa na pointi wala filimbi. Mwamuzi alikuwa mpishi wa shule, mzee mfupi ambaye kila Jumamosi, akishaosha sufuria la maharage, alikuja nyuma ya jiko na mwiko begani kama askari wa zamu. Mabishano yakitokea, alimgeuza mtu kama anavyogeuza ugali, akakagua mgongo wa shati. Ukiwa na vumbi, nenda kakae. Na vumbi halikuwa la kutafuta. Miaka ile malori ya chakula cha wakimbizi yalipita barabara kuu mchana kutwa kwenda Ngara, na kila lori lilituachia letu, jekundu, hadi kwenye uji.

Mimi sikuwahi kuchunga ng'ombe. Ukitaka kujua tatizo langu lote, ni hilo. Wenzangu walitoka Nyakahura, Nyamahanga, wengine Ngara vijijini, na huko mtoto anajifunza mieleka malishoni kabla hajajua kusoma. Mimi nimekulia Biharamulo mjini, dukani, kati ya madumu ya mafuta ya taa na majora ya vitambaa. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, na hakuna aliyemwambia arudi. Nilichojua mimi ni halaiki. Shule ya msingi nilichaguliwa kila mwaka, tangu darasa la nne, kwa zile sherehe za kitaifa, watoto chungu nzima wenye kaptura nyeupe wanapanga maumbo juani mbele ya wakubwa waliokaa kivulini. Nilipiga samasoti. Nilisimama kwa mikono. Nilipiga daraja, yaani unajipinda kinyumenyume, tumbo juu, mpaka kichwa na nyayo tu ndivyo vinavyokushikilia. Na ule mnara wa watu ukishasimama, wa juu kabisa na bendera nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa na haya.

Kidato cha kwanza, wiki ya pili, nikaitwa nyuma ya jiko kama njuka wote, wanafunzi wapya. Mieleka ndiyo ilikuwa salamu ya bweni letu. Ukishashikana na mtu mkaangushana, jioni anakuambia kwao wana ng'ombe wangapi, mama yake anaumwa nini, na kama ana mchumba au anaongopa. Usiposhikana na mtu, unajua jina lake la daftarini tu. Nikashikana na mmoja. Akanisukuma. Mwili wangu, ambao kwa miaka minne ulifundishwa kwamba ukisukumwa ujikunje na kuviringika, ukajikunja na kuviringika. Nikaibuka upande wa pili nimesimama wima, mikono juu, kifua mbele, namtabasamia mgeni rasmi ambaye hakuwepo.

Mpishi akanigeuza. Vumbi kuanzia kola mpaka mkandani.

"Umeshindwa," akasema. "Ila umeshindwa vizuri."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ningenyamaza pale ningepona. Mimi nikaweka mkono tumboni, nikainama, nikawashukuru kwa kuhudhuria. Kuanguka hakukuwa kosa, kila mtu alianguka. Kosa lilikuwa kule kuinama. Tangu siku ile hakuna aliyetaka kushikana na mimi, walitaka nipinduke.

"Mswahili, hebu piga moja."

Napiga. Wanacheka, kisha wanarudi kushikana wao kwa wao, wanataniana Kisubi na Kihangaza, na mimi napangusa magoti.

Nyumbani nako kulikuwa kumehama. Wakimbizi walipofurika, baba alifunga duka Biharamulo akaenda Nyakanazi, pale njia panda, akafungua nyumba ya kulala wageni, na mama akawa anawapikia madereva. Likizo fupi ilipofika baba aliniandikia barua ya mistari mitatu: vyumba vimejaa, hata changu analala dereva wa lori, nibaki shuleni nisome. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa ameshaondoka, kaenda kambini kuwa karani wa ghala, na ufunguo wa stoo ya mipira akaenda nao. Nikabaki na bweni zima na popo wake. Nilipiga samasoti kutoka kitandani kwangu mpaka mlangoni, nikageuka, nikarudi. Siku ya tatu nilikuwa nimeshagundua kitu ambacho mwalimu hakutuambia: sarakasi ni ile sehemu ya mieleka unayoweza kuifanya bila mtu. Ile nyingine inahitaji mtu.

Nilichotaka ni pambano moja. Sikusema nishinde. Nilitaka tu mtu anishike kiunoni kwa nia mbaya.

Muhula uliofuata, tukiwa sasa Kidato cha Pili, mmoja wa wale wa Nyamahanga aliumia. Alikuwa darasa moja na mimi, mfupi, shingo hana, kichwa kimewekwa moja kwa moja juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Alimwangusha kila mtu wa kidato chetu. Ila Jumamosi hiyo mmoja alimpiga mtama akiwa amegeuka, naye akanyoosha mkono kuizuia ardhi. Kifundo cha mkono kikavimba kama embe. Siku mbili baadaye alinifuata nikiwa nafua.

Kwa wenzake aliongea Kisubi haraka haraka. Kwangu aliongea Kiswahili cha insha, sentensi nzima nzima, na nukta unaisikia.

"Nimekuchunguza kwa muda mrefu," akasema. "Wewe huanguka kila siku, lakini huumii."

"Kipaji, bwana."

"Mimi nikianguka naumia. Mwisho wa muhula nitashikana na yule mkubwa wa Kidato cha Tatu. Naomba unifundishe kuanguka."

"Hapa shuleni wanasema mimi sijui kitu kingine."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako."

Nikakamua soksi. "Na mimi nitapata nini?"

"Unataka nini?"

Nilitafuta jibu la kuchekesha. Kwa mara ya kwanza tangu nije duniani, nikaliacha.

"Pambano," nikasema. "Moja. La kweli."

Akatazama kifundo chake kilichofungwa kitambaa. "Mkono ukipona."

Tulifanyia mazoezi nyuma ya shamba la mahindi la shule. Tulipata magunia matatu, yale ya mahindi ya msaada ambayo siku hizo yalizagaa kwenye gulio la Nyakahura, tukayajaza majani makavu ya migomba. Nikamwambia kidevu kifuani. Mgongo mviringo. Mkono ukunje, usiupeleke mbele, ardhi haijaomba kusalimiwa. Akaviringika kama kabati: kona, kona, kishindo.

"Sasa umemuua nani?" nikamuuliza. "Tena. Polepole. Anza na bega, si na uso."

Wiki ya pili kabati likaanza kuwa pipa. Wiki ya nne alikuwa anaviringika na kuinuka bila kutumia mkono. Daraja ndilo lilimshinda kwa muda, maana bila shingo unaegemea wapi. Nilimshika mgongo kwa chini akiwa amejipinda, anatetemeka, jasho linamwingia puani, nikamhesabia. Na yeye alinifundisha kushika: kichwa kifuani kwa mwenzako, mikono chini ya makwapa yake, kiuno chini, nyayo zisikutane. Aliniweka mikono, akanionyesha, halafu akalegeza. Kila mara akalegeza.

"Twende kweli," nikasema.

"Mkono bado."

Siku moja nikamwona anapandisha ndoo mbili za maji mlimani, moja kila mkono.

"Mkono umepona," nikamwambia.

"Baada ya yule mkubwa."

Nikasema haya. Nimeshasubiri mwaka na nusu, ningeshindwa wiki tatu?

Yule mkubwa wa Kidato cha Tatu alikuwa ameshawahi kuacha shule kwenda kupakua malori kambini, kisha akarudishwa na baba yake, na alirudi na mgongo wa mtu aliyebeba magunia. Siku yenyewe hata walimu wawili walikuja, wakajifanya wanapita. Yule mkubwa alimnyanyua mwanafunzi wangu juu, juu kabisa, akamzungusha, akamshusha chali. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Halafu hawakuitoa. Wangu alikuwa amesimama kwa kichwa na nyayo, tumbo juu, na lile jitu lote likiwa juu yake kama mzigo juu ya daraja. Hesabu yangu ilinitoka mdomoni bila kukusudia: moja, mbili, tatu. Kwenye nne akajipindua, akawa juu, na aliyekuwa juu akawa chini.

"Aligusa," wakasema Kidato cha Tatu. "Kwanza aligusa yeye."

Mpishi akamgeuza, akasogeza uso mpaka karibu na shati. Kichwani vumbi, visigino vumbi, mgongoni jasho tupu.

"Huyu ni msafi," akasema.

Walimbeba. Mimi pia nilitaka kumbeba, nikakosa nafasi ya kuingiza mkono. Ndipo yeye, akiwa juu ya mabega yao, akaninyooshea kidole.

"Nishusheni. Bado huyu. Nilimwahidi."

Wakacheka, kama kawaida. Mmoja akauliza kama nimeandika wosia. Nikamwachia ubao wangu wa kuandikia mtihani na kunguni wangu wote, wakacheka tena, halafu nikaingia. Kichwa kifuani kwake. Mikono chini ya makwapa. Nilisikia moyo wake bado unakimbia kwa lile pambano la kwanza. Nikavuta, nikazungusha kiuno kama alivyonifundisha.

Akaondoka ardhini kama mto wa pamba. Kidevu kifuani, mkono umekunjwa, bega likatangulia, mgongo ukafuata mviringo safi kabisa. Ila katikati ya kuviringika akasimama. Akalala chali, akatazama mawingu.

Mpishi akamgeuza: vumbi kola hadi mkandani. Akanigeuza mimi. Alichukua muda, kwa sababu hakuwa ameuzoea mgongo wangu ukiwa hivyo.

"Msafi," akasema.

Kelele zilizopigwa hapo mpaka walimu walisahau kujifanya wanapita. Nilibebwa. Wakaimba Mswahili, Mswahili, wakanishusha, wakasema sasa piga moja. Nikapiga mbili.

Jumapili wenzangu walipokwenda misa nilimsubiri yule wa Nyamahanga njia ya bondeni, kwenye kijito tunapochota maji. Alikuja na ndoo baada ya misa, bado na shati la kanisani.

"Uliniachia," nikamwambia.

"Sikukuachia."

"Bega limetangulia. Mkono umekunjwa. Aliyeangushwa kweli haanguki vile, bwana. Hata mimi sianguki vile, na kuanguka ni kwangu."

Akazamisha ndoo, akaitazama ikijaa.

"Uliomba pambano mbele ya watu," akasema. "Umepata."

"Niliomba la kweli. Sasa hapa hapana watu. Shika."

Nikasimama mbele yake, kiuno chini, nyayo zimeachana. Alinitazama, na niliona anapima: mabega yangu, shingo yangu, magoti.

"Siwezi. Nitakuumiza."

"Si ulisema mwenyewe siumii?"

"Hukuwahi kushikwa. Nikikushika kweli utaumia." Akatabasamu, na kwa upole kabisa, kama mtu anayeongezea zawadi, akasema, "Na wewe ukiumia, nani atatuchekesha?"

Akaiweka ndoo kichwani, akaanza kupanda. Alipofika kwenye kona akageuka na mwili mzima, maana shingo hana.

"Njoo," akasema. "Nisimulie ile ya mwalimu wa zamu na mbuzi."

Nikamfuata, nikamsimulia. Niliigiza sauti ya mwalimu, nikaigiza na ya mbuzi. Alicheka mpaka akalazimika kutua ndoo katikati ya njia na kuinama, akijipiga mapaja. Nilisimama nikasubiri amalize, naitazama mikono yake.