Maharagwe Bila Chumvi

Baba yangu alikuja kwangu Nakuru na gunia la viazi na begi moja. Begi aliliweka nyuma ya mlango wa sebule, na kila jioni nilipotoka dukani nililikuta palepale limefungwa, likingoja safari. Nililichukia begi lile. Lilinikumbusha kwamba baba hakuja kukaa, amekuja kuvumilia tu.

Alitoka Kuresoi, kwenye shamba la viazi alilolilima na mama maisha yao yote. Mama alikuwa ametuacha mwaka uliotangulia. Alianguka jikoni asubuhi, upande mmoja wa mwili ukalegea, na kabla gari halijapatikana alikuwa amekwisha kwenda. Presha, walisema. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpima. Kwa hiyo baba alipoanza kulalamika kichwa, na kuona giza kila akiinuka, sikumwomba ruhusa. Nilienda nikamchukua.

Katika kliniki ya mtaani, muuguzi alimpima mkono mmoja, akatikisa kichwa, akampima na wa pili. Nilipomweleza kwamba mama aliondoka na presha bila kupimwa, akamwambia baba kwamba dawa ni za kila siku, na chumvi iishe.

"Sasa nitakula nini?" baba akauliza.

"Utakula kila kitu, mzee. Bila chumvi."

"Hiyo ni nyasi," baba akasema. "Na hata ng'ombe wangu, wanaokula nyasi, nawawekea chumvi ya kulamba."

Mke wangu anafanya kazi Naivasha, kwenye shamba la maua. Huja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Siku za katikati jiko ni langu: nafunga duka la vipuri vya trekta, napitia sokoni, nakuja kupika. Baba hakuyajua hayo. Jioni ya kwanza alinikuta nikikata vitunguu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Bibi yako anajua unafanya hii kazi?"

"Ndiye alinifundisha, baba."

"Haya. Dunia imeisha," akasema, akarudi kukaa.

Chakula cha siku zile za mwanzo sitakisifu. Nilichemsha kabichi. Nilichemsha viazi. Nilichukua mapishi ya mama, nikatoa chumvi, nikadhani kazi imekwisha. Baba alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani polepole kwa adabu, akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Mkanda wake ulikuwa unatafuta tundu jipya, na mashavu yalikuwa yameanza kuingia ndani.

Hatimaye akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hapa kwako hakuna hata pa kulima. Nirudishe nyumbani."

Nilijua nyumbani kuna nini. Kuna jiko la mama lililopoa, pakiti ya chumvi kwenye kabati, na mtu mmoja ambaye akianguka asubuhi hakuna wa kuita gari. Nilikuwa nimezika mmoja. Sikuwa tayari kuzika wa pili kwa ajili ya kijiko cha chumvi.

"Tufanye hivi," nikamwambia. "Kaa mpaka kliniki ijayo. Kama presha haijashuka, nitakurudisha mwenyewe, na sitakuuliza unakula nini."

Akanyoosha mkono. Tukapeana, kama watu waliouziana ng'ombe.

Mimi ni mbishi, na ubishi huo nimeurithi kwake, kwa hiyo vita vilikuwa vya haki. Nilianza kutafuta mapishi kwenye simu, dukani, wateja wakipungua. Kulikuwa na mama mmoja wa video anayepika katika jiko lililoshinda duka langu kwa ukubwa, kila chakula chake kikiwa tayari kabla hujamaliza chai. Nusu ya vitu vyake havijawahi kuonekana soko la Wakulima. Alipotia mvinyo, nilitia ndimu. Alipotia majani yenye jina la Kiitaliano, nilitia dhania. Kuku wa machungwa baba alimwonja, akauliza kama ni dawa ya kikohozi. Jioni iliyofuata nilizidisha pilipili, jasho likamtiririka mpaka shingoni.

"Hii itanimaliza haraka kuliko presha," akasema, lakini aliimaliza sahani. Nililiona hilo. Nikajua ulimi wake haukufa, unatafuta tu kitu cha kuuamsha.

Aliyenifungua macho ni jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini. Siku hiyo nilikuwa nimeunguza kitunguu saumu, moshi ukapanda ngazi, naye akashuka kubisha hodi.

"Bwana, unapika ama unachoma nyumba?"

Nilimweleza shida yangu. Alipanda kwake, akarudi na mbegu nyembamba za kahawia anazoziita jira, akanisukuma kando kwenye jiko langu mwenyewe. Mafuta kwanza, yapate moto. Jira ziingie, zilie. Zikishalia, kitunguu na tangawizi. Ndimu ni ya mwisho kabisa, moto ukishazimwa.

"Ulimi unataka kushtuka tu," akasema. "Chumvi inashtua. Ndimu pia inashtua. Jaribu."

Yeye hutumia samli kama maji. Mimi nilipunguza, na badala ya dengu zake nikatumia viazi tulivyokuja navyo kutoka Kuresoi, nikavichemsha na maganda, nikavivunjavunja kwenye yale mafuta ya jira, dhania juu. Baba alikula vyote. Alikwangua sahani. Kisha akauliza viazi hivyo ni vya wapi.

"Vya kwako, baba. Gunia lako."

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na nikaenda kuosha vyombo haraka ili asinione uso.

Baada ya hapo nikapata ujasiri, nikaingia kwenye maharagwe. Kwetu mtu hapiki maharagwe makavu bila magadi. Ukitia kipande kidogo cha jiwe lile jeupe, yanalainika upesi, yanapata rangi nzito na ladha ambayo ukiikosa unahisi umekula kwa watu. Mama aliyaweka magadi yake kwenye mkebe wa majani ya chai uliopauka, juu ya meko, na kifuniko chake kilikuwa na mlio wake, mkwaruzo halafu ko. Tukisikia mlio ule utotoni tulijua leo ni maharagwe. Baada ya mazishi nilichota kiganja kimoja kwenye mkebe huo nikaja nacho mjini, sijui kwa nini. Sasa nikajua. Nilipotia kipande kwenye sufuria, jikoni kwangu kukanukia kwake.

"Hii ni ya mama yako," baba akasema baada ya kijiko cha kwanza, akaongeza sahani ya pili.

Basi tukala maharagwe Jumanne, tukayala Alhamisi, na mboga za kienyeji nazo nikazilainisha vivyo hivyo. Baba akaanza kurudisha mwili. Chumvi hakuigusa. Nilihesabu nimeshinda.

Siku ya kliniki tulikwenda kwa miguu, baba ametangulia. Muuguzi akampima mkono mmoja, akampima wa pili, uso ukabadilika. Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kidogo.

"Mzee, unaficha chumvi mahali," akasema.

Baba alisimama. Akatoa vitu vyote kwenye mifuko ya koti akaviweka juu ya meza ya muuguzi, kimoja kimoja: leso, funguo za Kuresoi, peremende, kitambulisho.

"Tafuta," akasema. "Nimekula nyasi ya huyu kijana mpaka nikaizoea. Kumbe ni bure."

Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia maishani. Alikuwa ametimiza upande wake wote. Muuguzi, naye ameona aibu kidogo, akanigeukia mimi akaniambia nimweleze ninachopika, nianze Jumatatu. Nikaeleza kwa fahari, jira na ndimu na tangawizi, hadi nikafika kwenye maharagwe. Hapo akainua mkono.

"Wewe unatoka kazini jioni. Maharagwe inaiva saa ngapi?"

"Inaiva haraka. Naweka magadi."

Akaweka kalamu chini. "Magadi ni chumvi pia," akasema. "Ile kitu kwa chumvi inapandisha presha, hata kwa magadi iko, na ni mingi. Ni kama hujamwachisha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeifukuza chumvi mlangoni, nikaiingiza dirishani kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa upendo.

Baba alikuwa anarudisha vitu vyake mfukoni. Akasita, leso mkononi.

"Sister," akasema, "bibi yangu alipika na magadi miaka yote."

Muuguzi akaiokota kalamu yake. "Mzee, siwezi kukuambia ni hiyo. Huyo hakuna mtu alimpima."

"Nauliza tu," baba akasema.

Tulipofika nyumbani, alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akalichukua begi, akakaa nalo magotini. Tulikuwa tumepeana mkono. Mkono wa baba yangu ni mkono.

"Baba, tuliahidiana uache chumvi," nikasema. "Magadi ni chumvi. Kwa hivyo hujaacha bado. Hata hatujaanza."

"Wewe ungekuwa wakili," baba akasema. "Unapoteza wakati na trekta." Akalirudisha begi mahali pake.

Jioni ileile nilimimina yale magadi kwenye sinki. Nitasema kweli, mkono ulikuwa mzito. Hakikuwa kiungo, kilikuwa kiganja cha mwisho cha jikoni kwa mama, na nilisimama pale nikitazama maji yakikibeba, nikiwa na hasira na jiwe, na mwaka ule mzima, na sisi wote tuliojua bei ya kila gunia la viazi na hatukujua presha ya mama.

Kisha nikaanza upya. Maharagwe niliyaloweka asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikayamwaga maji, nikachemsha kwa maji mengine. Yale ya kwanza yaliiva wakati baba ameshalala na njaa yake. Ya pili yalikuwa kama kokoto. Nikanunua sufuria ya presha iliyotumika, jina lililomchekesha baba sana, na humo yakalainika. Nikakaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia kabisa, nyanya, jira, tangawizi, ndimu mwishoni.

"Si ya mama yako," baba akasema.

"Si yake."

Akatafuna. "Ongeza kidogo."

Siku moja nilisahau kuloweka, nikakumbuka nikiwa dukani. Nilipofika nyumbani nilikuta baba ameshayaloweka. Kesho yake aliyachagua mawe. Halafu akataka kujua kwa nini kitunguu kinatangulia tangawizi. Mtu ambaye hakuwahi kuingia jikoni kwa mama hata kuwasha sigara alisimama sasa kando yangu na kisu, akikata nyanya vipande vikubwa mno, nami nilinyamaza nisije nikamfukuza kwa kumkosoa. Jirani wa juu akaanza kumwita "Fundi".

Kliniki iliyofuata, presha ilikuwa imeshuka. Haikufika walikotaka, lakini ilishuka, na muuguzi akampa baba mkono. Nilitoka pale natembea juu juu. Nilikuwa nimeanza kufikiria kumnunulia kitanda kizuri zaidi.

"Sasa nirudishe nyumbani," baba akasema, hata hatujafika barabarani.

Nilipandwa na hasira mbele ya watu. "Tulisema isiposhuka ndiyo unarudi! Imeshuka!"

"Ndiyo, isiposhuka ungenirudisha. Ikishuka hukusema kitu. Mimi ndiye nasema." Akanishika bega. "Kwani unafikiri nilikuwa natafuta nini kwa jiko yako? Nilikuwa najifunza."

Wakili alikuwa yeye. Nilimpeleka Jumapili, tukapitia Njoro na Molo, sufuria ya presha miguuni pake, pakiti ya jira na mashine ndogo ya kupimia presha kwenye mfuko. Begi hakulichukua. Alisema litabaki na mashati mawili, kwa sababu kliniki ni ya Nakuru na atakuwa anakuja. Jikoni nilikuta mkebe wa mama juu ya meko, nikanyoosha mkono niuchukue nikautupe.

"Acha," baba akasema.

Nikaacha. Ilikuwa nyumba yake. Lakini nilirudi na hofu, na hofu ilikaa nami dukani Jumatatu yote na Jumanne yote, mpaka jioni simu ilipolia nami nimesimama mbele ya jiko langu.

"Sikiliza," baba akasema. Nikasikia mafuta, kisha mlio mdogomdogo wa mbegu. "Zinalia. Sasa kitunguu?"

"Sasa kitunguu."

"Halafu ndimu nikizima moto."

"Ukizima moto." Nikavuta pumzi. "Baba. Ule mkebe wa mama."

"Uko hapa."

"Una nini ndani?"

"Yale magadi niliyamwaga Jumapili, ukishaondoka. Nikauosha, nikauanika jua." Mafuta yaliendelea kulia. "Jira inakaa vizuri humo. Haishiki unyevu."

Kisha nikausikia ukifungwa, mkwaruzo halafu ko.