Elimu Iliyoishia Sebuleni

Juzi, nikiwa kwenye duka la mbegu hapa Eldoret, mama mmoja mkulima wa Cheptiret aliweka kwenye kaunta mahindi mawili membamba, yamejaa mapengo. Afisa wa utafiti wa mahindi, aliyekuwa amesimama hapo, aliyageuza kwa kalamu akacheka.

"Mama, ulipanda mahindi uliyoyatoa kwenye mavuno yako. Hii mbegu mpya hairudiwi kupandwa, inanunuliwa kila msimu. Mwaka jana nilikuja kwako nikaeleza."

"Ulimweleza nani?"

"Mwenye shamba. Mzee wako."

"Na mzee ndiye hupanda?"

Afisa akatazama saa yake.

"Mbegu nachagua mimi," mama akasema polepole. "Naitundika jikoni juu ya moto, vile mama yangu alikuwa anafanya. Siku hiyo ni mimi nilikuletea chai. Ulinyamaza mpaka nikatoka."

Afisa alirudisha kalamu mfukoni. Mimi nilikasirika mpaka nikasahau kilichonipeleka dukani.

Tumenunua mashamba ya wazungu walioondoka, tumesomesha vijana wetu wayahudumie, na elimu yao imefika mpaka sebuleni Cheptiret, ikanywa chai, ikarudi mjini. Mbegu ilikuwa jikoni.