Shule Huangaliwa Kuanzia Jikoni

Nilimpa Jenerosa simu anisomee ujumbe wa baba yake, aliyeko machimboni Geita. Neno la kwanza alilisoma. La pili alilibuni, na kwenye la tatu akaanza kulia. Yuko darasa la nne, ni mwanangu wa pekee, na kila mwaka wamempandisha darasa bila kuniambia lolote. Mwalimu wake sikumlaumu, maana watoto wa darasa lile wamebanana hadi mlangoni. Lakini nilikasirika, nikainua macho, nikaiona kalenda.

Hiyo kalenda tuligawiwa wote hapa Murukulazo na gari lenye spika. Ina picha ya shule binafsi ya bweni iliyo nje kidogo ya Nyakanazi. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Maua getini, watoto wenye masweta mekundu, na maneno chini: wazazi karibuni kila Jumamosi. Jumamosi ni siku ya gulio, na mimi kazi yangu ni kununua maharage gulioni. Nikaamua kwenda Alhamisi. Bila maharage ningekwenda siku waliyoitaka wao.

Jumatano asubuhi tulipanda bodaboda hadi Ngara mjini, kisha gari la Nyakanazi. Baada ya Benaco ni msitu na malori. Jenerosa alikaa dirishani na kalenda imekunjwa mapajani.

"Mama, kule kila mtoto ana kitanda chake?"

"Tutaona."

"Na sweta wanakupa siku ile ile?"

Nilikuwa naomba moyoni afaulu jaribio la kujiunga, kwa maana niliamini tatizo pekee ni yeye kufaulu.

Saa tisa alasiri tulishuka Nyakanazi. Mji ule naujua, ndiko ninakouzia. Maharage mazuri nawapa wenye mahoteli. Yaliyobunguliwa na wadudu, yale ninayoyachambua na kuyatenga, kuna bwana mmoja huyachukua yote kwa ajili ya nguruwe wake. Ili magunia yasichanganyike, ninayashona mdomo kwa ukanda wa kitenge changu cha zamani cha kijani: la mazuri fundo moja, la mabovu mafundo mawili. Viatu vya bwana huyo sijawahi kuviona na tope hata siku moja. Nililiona hilo nikanyamaza, kwa kuwa biashara ilikuwa inakwenda.

Tulilala gesti. Mama lishe aliyetupa chai alipojua tunakokwenda alipiga makofi. "Kule? Watoto wa kule wanaongea Kizungu mpaka unaona aibu kuwasalimia!"

Alhamisi, saa mbili na nusu, tulikuwa getini. Mlinzi alishangaa kuona mzazi siku hiyo, akatuacha nje hadi jua likatupata. Ofisini kulikuwa na makochi na kabati la vikombe vya ushindi. Mwalimu mkuu, kijana mwenye tai, aliita watoto sita. Wakasimama mstari mmoja na kutamka Kiingereza kwa sauti moja, mikono ikipanda na kushuka. Mimi Kiingereza sikijui. Nilisisimka mwili mzima, na leo najionea haya. Ningeambiwa wanatukana ningepiga makofi vile vile.

"Naweza kuona bweni?" niliuliza.

"Jumamosi, mama. Jumamosi utaona kila kitu."

"Na madaftari?"

"Jumamosi."

Jenerosa akapewa karatasi ya jaribio. Mimi nikaomba choo. Wakanielekeza nyuma ya majengo, na huko nyuma ndiko isikofika kalenda. Choo sitakisimulia, huenda unasoma huku unakula. Wakati wa kurudi nilipita jikoni. Mpishi, mama wa makamo, alikuwa anakoroga sufuria kubwa, na mlango wa stoo uko wazi.

Nikaiona kijani.

Niliingia bila kukaribishwa. Magunia manne, yote yamefungwa kwa kitenge changu, mafundo mawili mawili. Nilichukua punje moja kutoka lililofunguliwa nikaiuma. Ilivunjika kama kombe tupu, unga wa wadudu ukanijaa ulimini.

"Haya ni ya nani?" nikamuuliza mpishi.

"Chakura cha watoto, mama. Ukitia magadi yanaiva." Akapunguza sauti. "Wadudu wakierea juu ninawaengua. Siwezi kuwaengua wote."

Jamani! Yale maharage mimi mwenyewe sikuwapa kuku wangu. Niliyatenga kwa mikono hii, nikayapakia, nikayasafirisha, na wazazi wenzangu wanauza mbuzi ili watoto wao walishwe. Nilimchukia yule bwana wa nguruwe. Nikajichukia mimi. Chuki zote mbili nikazibeba mpaka ofisini.

Mwalimu mkuu alinisikiliza huku akitabasamu. "Mama, umekuja kutafuta elimu au mgahawa?"

"Nimekuja kutafuta watu wa kuwaachia mtoto."

"Basi pokea habari njema. Binti yako amefaulu. Tutamwanzisha darasa la pili."

Kutoka la nne hadi la pili, ndiko kufaulu huko! Nikaomba kuiona karatasi yake. Ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini, na majibu yote yamepigwa vema, kwa mwandiko ambao si wa mwanangu.

Nilimshika Jenerosa mkono tukatoka. Alilia getini, akalia kituoni, akalia mpaka Nyakahura tulipobadili gari. "Nimefaulu, mama! Wamesema nimefaulu!" Kalenda aliibana kifuani. Hakuna kilichoniuma safari ile nzima kama kilio hicho, maana wao walikuwa wamemwahidi sweta, na mimi nilikuwa na maneno tu. Barabara ya Rulenge ilitupa vumbi, akalala na machozi yamechora mistari usoni.

Rulenge tulifikia kwa wifi yangu Adventina. Ijumaa asubuhi alitupeleka kwenye shule binafsi ndogo jirani na kwake, isiyo na kalenda. Safari hii sikwenda ofisini. Nilikwenda jikoni moja kwa moja, nikafunua sufuria, nikaonja, nikaingia stoo. Nikakagua choo. Mwalimu mkuu, mzee mwenye chaki kwenye mkono wa shati, alinikuta nimeinama juu ya gunia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umepoteza kitu, mama?"

"Nilikipoteza Nyakanazi. Naomba daftari la mtoto wa mwisho darasani."

Alinitazama kidogo. "Wa mwisho? Wazazi wote huomba la wa kwanza." Akaenda akalileta. Kila ukurasa ulikuwa na kalamu nyekundu: neno limesahihishwa, mtoto amelirudia, limesahihishwa tena. Bati la darasa lile linavuja na kompyuta hawana. Alipomsomesha Jenerosa alimpa kitabu cha Kiswahili, akakaa naye kwenye benchi, akamngoja. Akamngoja tena.

"Herufi anazijua," akaniambia. "Hakuna aliyewahi kumsubiri. Nitamrudisha darasa la tatu, sikufichi."

Jenerosa alinikasirikia upya. Nilikubali. Atakaa kwa shangazi yake, na mimi nitakuja kila mwezi, siku nitakayoitaka mimi.

Jioni ile tulirudi Murukulazo kuchukua vitu vyake. Majirani walikuwa wananisubiri niwaambie kuhusu shule ya kalenda, nami niliwaambia yote: nendeni bila taarifa, anzeni nyuma, umeni maharage, ombeni daftari la wa mwisho, msipigie makofi lugha msiyoijua. Na magunia yale ya mafundo mawili ni yangu, hilo nalo nikalisema. Watatu walizishusha kalenda. Wengine walisema nina wivu.

Jumamosi jioni, baada ya gulio, tukichambua maharage uani, Jenerosa aliyasukuma mabovu pembeni kama kawaida. "Haya nayo tunayafunga?" Tukayabeba pamoja hadi shimo la mbolea, tukayamwaga.

Simu ikaita. Alikuwa yule bwana wa Nyakanazi.

"Mama, yale ya nguruwe yapo?"

Nikamuuliza nguruwe wake wako darasa la ngapi. Akakata simu.