Mfuko wa Koti Jeupe

Kila asubuhi, kabla ya kunipa mkono, shangazi husugua viganja vyake mpaka vipate joto. Amestaafu miaka mingi, lakini mikono haijapata habari.

Hospitalini alikuwa mpimaji wa umeme wa moyo. Aliwabandika wagonjwa nyaya kifuani, na mashine ikachora mapigo yao kwenye karatasi ya miraba. Moyo ukiguswa kwa mkono baridi hushtuka, alisema, na moyo ulioshtuka hausemi kweli. Bado nakiona chumba chake: pazia lililopauka, harufu ya spiriti, feni iliyozunguka kwa kusitasita.

Humo ndimo alimomjua fundi cherehani, mzee mcheshi aliyewekewa kifuani betri ya moyo ya kisasa. Betri ile ilihisi mwili ukitikisika, ikaharakisha mapigo. Mwili ukitulia, nayo ikapunguza. Kila alipotembezwa koridoni na kupimwa, alionekana mzima. Akirudi dukani, akikanyaga cherehani kidogo tu, macho yanaingia giza. Mwishowe alimwambia shangazi kwamba amepata mnunuzi wa cherehani. Atakaa nyumbani afukuze nzi.

Shangazi alimwomba asiiuze kwanza, ailete hospitalini. Wenzake walicheka, wakamuuliza kama siku hizi moyo unatiwa viraka. Shangazi alimbandika mzee nyaya, akampa koti lake jeupe lenye mfuko uliochanika.

“Binti yangu, nimekuja kutibiwa au kushona?”

“Vyote, baba. Na mfuko usiende upande.”

Mzee akashona. Miguu ilikimbia, lakini kifua kilitulia kama cha mtu anayesikiliza redio. Jasho likamtoka, na kwenye karatasi mapigo yakabaki ya mtu aliyekaa tu: betri haikujua kwamba yuko kazini. Daktari alipoiona karatasi, akairekebisha betri ihisi hata mtikisiko mdogo. Mzee akakanyaga tena. Mapigo yakapanda pamoja na miguu, naye akaumaliza mfuko bila kushika ukuta.

Cherehani hakuiuza. Alishona mpaka wajukuu wakawa ndio wanaomtungia uzi kwenye sindano.

Sasa fundi ametangulia, na chumba kile kina mashine zisizotumia karatasi. Koti bado linaning'inia nyuma ya mlango wa shangazi. Juzi nilipitisha kidole kwenye mshono wake, nikamuuliza mfuko ulichanikaje.

“Niliuchana mwenyewe asubuhi ile,” alisema. “Fundi hawezi kushona kitu kizima.”