Mnong'ono Kabla ya Neno

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana habari hii ina sauti ndogo.

Miaka ya tisini, watu wa Mji Mkongwe wenye jamaa Maskati walipelekeana kaseti badala ya barua. Shangazi yangu alikuwa na moja ya mwanawe. Kijana alifia huko huko akazikwa. Kwa mama yake ilibaki sauti. Kila Alhamisi jioni shangazi aliifukiza kaseti udi, kama afukizavyo nguo, ndipo aisikilize.

Siku moja aliniita. Nilikuwa nikisomesha fizikia skuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu huniita 'Mama' mara mbili: kwanza hunong'ona, halafu ndiyo husema. Leo kanong'ona tu, kanyamaza. Nimemkosea nini?"

Nilimweleza taratibu. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma, tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu, na sumaku ya unga huo ndiyo inayoshika sauti. Utepe ukizungushwa, tabaka hulalia tabaka. Neno likikaa sana, huachia alama kwenye mzunguko wa jirani, ule unaopita kwanza. Ndiyo maana mnong'ono hutangulia.

"Kumbe si mzuka?"

"Si mzuka."

"Basi neno lenyewe limekwenda wapi? Nisomeshe, mwalimu, au hiyo fizikia ni ya watoto tu?"

Nilifunga dirisha, nikauacha mwale mmoja wa jua, nikautoa utepe kidogo nje ya kaseti. Mwale ulipenya kwenye utepe, ukapiga mgongo wa CD niliyoiegemeza mezani, ukachanua rangi ukutani. Unga ukiwa mzima hunywa buluu na kijani, huachia wekundu hafifu. Nikauvuta utepe polepole. Wekundu, wekundu, wekundu. Ghafla buluu ikawaka ukutani.

"Mashaallah," shangazi alisema, "inapendeza!"

Ikabidi nimwambie: Penye buluu unga umebanduka, na sauti imekwenda nao.

Alikitazama chetezo chake cha udi. "Moto wangu?"

"Joto lake, shangazi. Lakini mnong'ono uko mzunguko wa kabla, na huo bado mwekundu."

Kwa kawaida mtu huuzungusha utepe mbele na nyuma ili kufifisha mnong'ono. Niliponyoosha mkono, alinishika.

"Uache. Ndiye huyo aliyebaki."

Tukaipiga kaseti. Ukatoka mvumo, kisha, kwa mbali sana, "Mama," na baada yake kimya kikavu. Shangazi aliitika, "Naam."

Nawe ukiwa na kaseti ya marehemu wako, iweke mbali na moto. Usiizungushe kabla ya kuisikiliza. Ongeza sauti tangu mwanzo, na unyamaze.